Hundi ya Bi Somoe na Muhuri Ulionipumbaza

Mtu aliyechukua barua ya Bi Somoe mkononi mwangu, mchana kweupe, aliniamkia shikamoo mara mbili. Ya kwanza alipofika kaunta, ya pili alipokuwa anaondoka, na katikati akaniuliza hali ya goti langu, maana aliniona nachechemea. Naanza na hilo kwa sababu nyie vijana mnaokuja hapa kwangu Bunju na kuniuliza, "Bibi, mwizi unamjuaje?" mnataka niwaelezee mtu mwenye macho mekundu na kofia imeshuka mpaka puani. Yule alikuwa na shati lililopigwa pasi, na adabu ambayo wengi wenu hamna.

Nimefanya kazi posta maisha yangu yote, katika ofisi ndogo upande wa Temeke ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa lilikuwa langu, si la jengo. Nilianza kwenye kupanga barua, nikamalizia kaunta ya rejista, yaani zile barua zinazoandikwa kwenye daftari na kutolewa kwa kitambulisho na saini. Jina langu Tatu. Mtaani nilikuwa Bi Tatu wa Posta, na hiyo "wa Posta" niliipenda kuliko jina la baba yangu.

Nyie mkienda posta mnaona ukuta wa vimlango vidogo vya chuma. Sie tuliokaa upande wa nyuma tulikuwa tunaona mashimo, na ndani ya mashimo tunaona vidole. Wateja wengi sikuwahi kuwajua sura. Niliwajua kwa vidole: huyu ana hina, huyu fundi rangi, huyu pete imemganda tangu harusi. Kulikuwa na sanduku moja vidole vyake vilinichosha. Leo vya mzee, kesho vya binti, keshokutwa vya mtu mwenye grisi mpaka kwenye kucha. Hilo lilikuwa sanduku la Mwalimu Chande wa Tandika.

Mwalimu Chande alikuwa mwalimu mstaafu, na mtaani kwao ni yeye tu aliyelipia sanduku la posta. Kwa hiyo mtaa mzima ukawa na sanduku. Mtoto wa mtu akichaguliwa chuo, barua inakuja kupitia kwa Mwalimu Chande. Mtu akiomba kazi, anaandika sanduku la Mwalimu Chande. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari barazani, pembeni ya mlango, ili watu wasimwamshe mzee akiwa amelala mchana. Anayekwenda Temeke kwa shughuli zake anauchukua, anarudi na barua za wote, anazitia kwenye kopo la biskuti pale pale barazani. Unakuja, unachambua. Ukikuta ya jirani unampelekea, na kwa sababu ya ujirani mwema unamwambia na ilikotoka kabla hajaifungua.

Watu waliusifu ukarimu wa Mwalimu, mie nikiwa wa mbele. Hakuna aliyekaa akajiuliza ni watu wangapi wanaweza kulifungua sanduku lile. Jibu lilikuwa rahisi: kila mwenye mkono na nauli.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kondo, Mzaramo mfupi mwenye hasira za karibu. Siku yangu ya kwanza alinipangia bahasha kumi mezani, moja ikiwa imefunguliwa na kubandikwa upya. Nisipoipata, chai ya ofisi nzima nanunua mie. Nilinunua chai mpaka nikataka kuacha kazi. Baadaye nikajua: unapitisha ukucha kwenye ukingo wa gundi, unaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha unainusa. Waliokuwa wanabandika kwa ubwabwa tuliwakamata kwa pua, maana ubwabwa hukaa siku moja tu kabla ya kuanza kujitangaza.

Lakini Mzee Kondo hakukasirishwa na wezi kama alivyokasirishwa na ujanja wa wateja. Watu wakituma noti ndani ya bahasha, kitu ambacho tumewakataza mpaka sauti zimetukauka, walikuwa wanaizungushia karatasi nyeusi ya kaboni ili isionekane kwenye mwanga. Basi mwizi wa barua hakuwa na haja ya kuhangaika na bahasha zote. Alikuwa anachagua zile zenye kaboni. Kuna bwana mmoja wa Keko yeye aliandika juu ya bahasha, kwa herufi kubwa, HAKUNA PESA NDANI. Bahasha hiyo haikufika, na bwana alikuja kutulalamikia kwa uchungu sana, akatutajia na kiasi.

Na hundi je? Nyie mnasema hundi ni mambo ya kizamani. Haya. Mnazikuta kwenye kampuni, kwenye mafao, kwenye mashule, na siku mkikabidhiwa moja mnaishika kama mtoto mchanga wa mtu. Ukiandika hundi, anza kuandika mwanzoni kabisa mwa mstari, usimwachie mtu nafasi ya kukusaidia maneno. Ukimaliza, vuta mstari mpaka mwisho. Tumia kalamu ya wino unaozama kwenye karatasi, ule wa jeli, kwa sababu wino mwingine hufutika. Kisha chora mistari miwili ya mshazari kwenye kona, na katikati yake uandike kwamba alipwe mwenye jina hilo tu, kwenye akaunti yake. Isipokuwa na hiyo mistari, mtu anaweza kuigeuza nyuma, akatia saini, ikaingia kwenye akaunti ya mtu mwingine kabisa. Na usisaini hundi tupu. Mjomba wangu alikuwa anasaini nusu kitabu kabla ya safari ili mkewe asihangaike. Kweli mkewe hakuhangaika. Aliyehangaika ni yeye, aliporudi.

Mie katika yote hayo nilijichagulia fani yangu: mihuri. Mnajua wenyewe nchi hii na mihuri. Karatasi bila muhuri ni karatasi tu, ikipigwa muhuri tunaipokea kwa mikono miwili. Niliijua mihuri ya serikali za mitaa yote ya Temeke, upi umepasuka ukingoni, upi umelalia kushoto. Ukiniletea muhuri uliochongwa kwenye ndala nilikuwa nakurudishia karatasi yako na kukuuliza ndala ya pili iko wapi. Watu kwenye foleni wanacheka, mie navimba kichwa.

Mzee Kondo alipostaafu aliniambia, "Tatu, unatazama sana karatasi. Mtazame na aliyeileta." Nikajua ni wivu, maana yeye kwenye mihuri nilikuwa nimeshampita.

Sasa Bi Somoe. Huyu alikuwa mwanamke wa kusini, upande wa Lindi, mkaaji wa Tandika, mtaa ule ule wa Mwalimu Chande. Mumewe, Mzee Bakari, alibeba mizigo bandarini mpaka mgongo ukamkataa, kisha akafariki. Kampuni aliyoifanyia kazi ilikuwa na mafao yake, na marehemu alikuwa amemwandikisha mkewe. Wakaandika hundi kwa jina la Bi Somoe, wakaituma kwa rejista, kwa anwani ile ile ambayo mtaa mzima ulikuwa unaitumia.

Hapo nataka mnielewe vizuri. Bi Somoe alikuwa anakaa kwenye nyumba ya ukoo wa mumewe, na eda ikiisha alitakiwa aondoke. Alikuwa na kibanda chake Mbagala, vyumba viwili, kuta zimesimama, juu hakuna kitu. Hundi ile ndiyo ilikuwa mabati. Bila ile hundi hakuwa na pa kulala.

Na alikuwa eda, miezi minne na siku kumi ndani, hatoki. Shughuli zake zote za nje zilifanywa na shemeji yake Hashimu, mdogo wa marehemu. Hashimu ndiye aliyesimamia msiba, ndiye aliyepanga viti vya hitima, ndiye aliyekuwa anachukua ufunguo pale msumarini kila wiki "kuangalia kama barua ya shemeji imefika." Mtaa ulimsifu.

Siku hundi ilipofika, mie nilitia kikaratasi cha taarifa kwenye sanduku kama kawaida. Jumatatu iliyofuata, Hashimu akaja nacho kaunta. Shikamoo, marahaba, goti vipi, goti hivyo hivyo mwanangu. Akanipa kitambulisho chake, ambacho kilikuwa cha kweli. Akanipa na barua ya ruhusa: mimi Somoe fulani niko eda, namruhusu shemeji yangu anichukulie barua yangu. Chini yake saini, imejikunja kwa madaha mpaka nikaitazama mara mbili. Na pembeni muhuri wa serikali ya mtaa.

Vijana, ule muhuri ulikuwa mzuri. Duara kamili, wino umekolea, kila herufi inasomeka. Muhuri wa mtaa ule nilikuwa naujua miaka yote, na miaka yote ulikuwa umefifia kwa sababu kidau chao cha wino kilikauka na hakuna aliyekumbuka kununua kingine. Mtu mwenye akili angejiuliza leo wamepata wapi wino. Mie nilifurahi. Nikasema moyoni, afadhali, wameanza kujali kazi. Nikamsainisha kwenye daftari, nikampa barua, akaniambia shikamoo ya pili.

Jumanne eda ikaisha. Jumatano asubuhi Bi Somoe yuko mbele ya kaunta yangu, kajifunga kanga mpya, na hiyo ndiyo safari yake ya kwanza tangu azike. Kampuni ilikuwa imempigia simu kwamba barua ilishatumwa.

"Barua yako imeshachukuliwa, Bi Somoe," nikamwambia, tena kwa sauti ya kumfundisha. "Si ulimtuma shemeji yako? Hii hapa ruhusa yako, hii hapa saini yako."

Akaishika ile karatasi, akaifuata ile saini kwa kidole.

"Nzuri," akasema.

"Nini nzuri?"

"Hii saini. Mie sijui kuandika, dada yangu. Nikiambiwa nisaini huwa naweka dole."

Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu na mtu mmoja akauliza kama tumeacha kazi. Nikamwambia Bi Somoe aende nyumbani akamuulize Hashimu kwanza, labda ni mambo ya kifamilia. Mnaona nilivyo mwepesi? Hundi imeibwa kwenye kaunta yangu, na tayari nimeshaigeuza mambo ya kifamilia.

Niliogopa. Nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu, na nilikuwa nimeshaona watu wakitoka kazini na doa siku za mwisho. Nilijua cha kufanya: kuandika maelezo kwamba mie, Tatu, nimemkabidhi barua ya rejista mtu asiyestahili, kwa ruhusa ya uongo, ili kampuni iweze kuizuia hundi benki. Kazi ya nusu saa. Jumatano sikuifanya. Alhamisi sikuifanya. Nilijiambia nasubiri familia.

Familia nayo ilikuwa inasubiri kikao. Hashimu alipoulizwa hakukana, na hilo liliwafurahisha wazee kuliko kama angeirudisha. Kikao kikapangwa Ijumaa baada ya swala, nami nikaitwa kama shahidi. Nikavua viatu, nikapewa mkeka, nikapewa kahawa na kashata. Bi Somoe alikaa karibu na mlango.

"Shetani alinipitia," Hashimu akasema, macho chini. Kumbe hundi haikuwa na ile mistari miwili kwenye kona. Aliigeuza nyuma, akapatiwa saini nyingine nzuri kama ile ya kwanza, na rafiki yake mmoja wa Kariakoo akaiingiza kwenye akaunti yake. "Lakini Jumatatu narudisha kila kitu, wallahi. Jumatatu asubuhi."

Wazee wakashusha pumzi. Mzee Salumu, ndiye mkubwa wa ukoo, akasema kijana ameomba radhi, ametaja na siku, basi tuyamalize humu humu ndani. Kisha akaniinamia sikioni. "Na wewe Bi Tatu, jambo hili likitoka nje litakuharibia. Likibaki hapa, nani atajua?"

Aliongea kwa huruma kabisa. Nami, Mungu anisamehe, nilishukuru. Nikachukua kashata ya pili.

Ila kuna kitu kimoja ambacho katika chumba kile tulikuwa tunakijua wawili tu, mie na Hashimu. Siku zile hundi ikiingizwa benki nyingine ilikuwa inalala siku kadhaa kabla haijalipwa. Nilihesabu kwa vidole chini ya kanga. Jumatatu asubuhi ndipo ile ya Bi Somoe inaiva. Kijana hakuwa anaomba muda wa kurudisha hela. Alikuwa anaomba muda wa kuipata, na wazee walikuwa wanampa kwa dua.

Bado nilinyamaza. Naona aibu kuwaambia, lakini nilinyamaza mpaka Mzee Salumu alipomgeukia Bi Somoe na kumuuliza, "Mwanangu, umeridhika?"

Bi Somoe alikuwa anachezea uzi wa mkeka. "Mie nitasema nini, baba," akajibu. "Mvua zinaanza, na mabati yangu yako kwenye hiyo karatasi."

Nikaweka kikombe chini. "Hashimu," nikasema, "Jumatatu saa ngapi?"

"Asubuhi, bibi."

"Benki ikifungua?"

Nikawaeleza wazee hundi inavyolala na inavyoiva, polepole, kama nilivyofundishwa na Mzee Kondo. Nikawaambia pale kampuni Kurasini ofisi zinafungwa saa kumi, na sasa ni saa nane na nusu. Nikawaambia na lile langu, kwamba mie ndiye niliyeitoa ile barua, na nimekaa nalo siku mbili. Mzee Salumu akaniambia nimeingia nyumbani kwake nikala kashata yake nikamvunjia ukoo. Nikamwambia ni kweli, na kashata ilikuwa nzuri.

Tulipanda bajaji mie na Bi Somoe mpaka Kurasini. Mhasibu wa kampuni, kijana mwenye miwani, akasema hawezi kuizuia hundi kwa maneno, anataka maandishi ya karani aliyeitoa. Nikaomba karatasi. Nikaandika kwa mkono wangu: mimi, karani fulani, nilimpa mtu asiye mwenyewe, sikumuuliza mwenyewe, kosa ni langu. Haikuwa na muhuri wowote. Na saini yangu ikatoka mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika. Kijana akaisoma, akainua simu, akapiga benki nikiwa nimesimama pale pale. Hundi ikazuiwa zikiwa zimebaki dakika ishirini wafunge.

Mie nilipewa barua ya onyo, nikatolewa kaunta, nikarudishwa nyuma ya masanduku kumalizia miezi yangu na vidole vya watu. Hashimu bado yupo Tandika, na siku hizi anasimamia misiba ya wengine. Mwalimu Chande alikwenda kununua kufuli la kopo la biskuti, ufunguo wake akautundika kwenye msumari ule ule.

Mnacheka. Nyie mnaompa wakala wa pesa simu na namba ya siri pamoja, "nifanyie haraka, braza." Nyie mnaopiga picha kikaratasi cha mzigo uliofika posta, jina na namba vinasomeka, mnaweka mtandaoni mpate pongezi. Na laini ya simu mmeisajili kwa kitambulisho cha shangazi. Sanduku la mtaa mzima mmelihamishia mfukoni, basi. Mkiambiwa barua ya mtu imefika, aende mwenyewe. Kama hawezi, mpigieni simu mumsikie. Ningempigia Bi Somoe siku ile, namba yake ilikuwa juu ya bahasha. Sikuitazama, nilikuwa natazama muhuri.

Hundi mpya iliandikwa baada ya wiki mbili, safari hii na mistari yake miwili, na tukawaambia wasiitume popote, mwenyewe ataifuata. Nilimsindikiza Kurasini, nilijiona nastahili. Akaweka dole kwenye daftari lao, akapewa bahasha, tukatoka nje.

Nikanyoosha mkono. "Lete nikusomee," nikamwambia. "Nikuangalizie kama jina na tarehe viko sawa."

Bi Somoe akanitazama usoni, akatazama na mkono wangu. Kisha akaichukua bahasha akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo la kwanza, na juu yake la pili.

"Benki watanisomea," akasema. "Usichukie, Bi Tatu."

"Sijachukia," nikamwambia.

Nilichukia. Iliniuma kuliko ile barua ya onyo. Tukapanda bajaji, akakaa na lile fundo amelibana chini ya kwapa, upande usio wangu, mpaka tunafika benki, na alikuwa amefanya sawasawa.